Hakuna Mwezi Mzuri wa Kwenda Lamu

NAENDA LAMU KWA NDEGE! Mimi, Mercyline Nabututu, muuza omena, dagaa wetu wa ziwani, wa soko la Kondele, naenda kisiwani kupumzika kama mke wa balozi, na anayenipeleka ni mtoto wangu mwenyewe wa kumzaa, Naswa, muuguzi!

Haya, sasa salamu. Maximilla, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa letu, ameniambia barua rasmi huanza kwa anwani na salamu. Lakini habari kama hii ukiiweka chini ya anwani inaharibika, kama omena iliyofungwa kabla haijakauka.

Mercyline Nabututu (Mama Naswa),
Nyalenda, nyumba ya pili ukitoka kwenye bomba la maji,
Kisumu.
Februari 2026.

Kwa Ndugu Mhariri, Ukurasa wa Safari na Mapumziko.

KUH: MALALAMIKO JUU YA MAKALA YENU KUHUSU WAKATI BORA WA KWENDA KISIWANI

Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu nyingi, zenye heshima na moto kidogo. Natumaini wewe ni mzima na mke wako ni mzima, na kama huna mke natumaini mama yako ni mzima, maana barua hii ni ya mama. Mimi ni mzima kabisa, ingawa wiki mbili zilizopita watu wengi waliamini nimekufa. Nitafika hapo.

Kwanza ujue ni nani anakuandikia, usije ukafikiri ni mtu hivi hivi. Nilisoma hadi darasa la saba, nikaishia hapo kwa sababu ya hesabu, si kwa sababu ya Kiswahili. Kiswahili nilikuwa namba mbili darasani, na namba moja alikuwa mtoto wa mwalimu wa Kiswahili, sasa jaza mwenyewe. Nilizaliwa Kimilili. Marehemu Baba Naswa alinileta Kisumu nikiwa msichana asiyejua kichwa cha samaki na mkia wake, na leo hii Wajaluo wenyewe wanapanga foleni kwangu. Mbukusu kumuuzia Mjaluo omena si jambo dogo. Ni kama Mjaluo aende Kimilili awauzie Wabukusu kuku.

Naswa ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Ni muuguzi Eldoret. Akikudunga sindano unamuuliza ataanza lini. Sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Nasema kwa sababu ni kweli, halafu pia ni wangu. Mwezi wa tisa anakwenda Uingereza kufanya kazi miaka mitatu. Wamemwita kwa jina lake lote, hata la babu yake, kwenye barua yenye muhuri, nami barua hiyo nimeiona kwa macho yangu, na Kondele nzima pia imeiona, kwa sababu nilitembea nayo.

Kabla ya kwenda, Naswa ameniahidi wiki moja Lamu, yeye na mimi tu. Anasema tangu baba yake afariki hajawahi kuniona nimekaa kitako mchana. Alisema kwa mdomo wake, mbele ya jirani yangu Achola: “Mama, mimi sipandi ndege ya Uingereza kabla sijakupeleka kisiwani. Mambo mengine yote ni juu yangu. Kazi yako ni moja tu, chagua mwezi.”

Ndugu Mhariri, kazi hiyo moja imenishinda, na imenishinda kwa sababu yako.

Makala yenu niliipata Kondele nikifunga omena. Nimeshika gazeti, nataka kulikunja, naona picha ya mchanga mweupe na mzungu amelala. Nikaanza kusoma. Mteja akaniambia, “Mama, unafunga ama unasoma?” Nikamjibu, “Nasoma, kwa sababu ndiko ninakoenda.” Akacheka mpaka akashika meza. Nilimfungia omena yake kwa karatasi ya matangazo ya vifo, na makala yenu nikaiweka kifuani. Kumbe Naswa naye alikuwa ameisoma kwa simu. Tangu siku hiyo kila nikisema kitu, jibu ni moja: “Mama, gazeti linasema.” Nilimzaa mimi, nikamnyonyesha mimi, na sasa anayesikilizwa ni gazeti. Kwa hiyo malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mmeandika kwamba miezi bora ni Januari na Februari, jua likiwa kali na bahari ikiwa imetulia. Bora kwa nani, Mhariri? Mwezi wa kwanza Kisumu nzima imenuna. Sikukuu imekwisha, kuku wamekwisha, watoto wanadai sare mpya za shule. Ukimwambia mtu wakati huo kwamba unaenda kupumzika, anakutazama kama umemwibia. Nani angenisindikiza? Na safari bila wa kukusindikiza inaonekana kama umefukuzwa. Tena hilo jua mnalolisifu ndilo linalokausha omena yangu. Nikienda kulilalia Lamu, Achola, ambaye meza yake imegusana na yangu, atabaki na wateja wangu wote. Achola ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Ndiyo sababu namjua.

2. Mmeandika kwamba Aprili na Mei msafiri asiende kabisa, kwa kuwa ni mvua tupu. Sasa mimi nafasi yangu yote iko hapo! Mvua ya masika ikinyesha omena haikauki, soko linakuwa tope, nami nakaa mlangoni Nyalenda nikitazama maji yanapita na kiatu cha mtu. Hiyo ndiyo likizo yangu ya kila mwaka. Kwa hiyo ninyi mmelipanga jua kwa wenye kazi na mvua kwa wasio na kazi, halafu mkatia sahihi. Nilipomwambia Naswa labda twende wakati huo, alisema, “Mama, tusafiri mbali hivyo kwenda kuangalia mvua? Mvua si unayo nyumbani? Hata gazeti linasema.”

3. Mmeandika kwamba Juni na Julai hakuna joto kali, ila upepo wa kusini huvuma na bahari “huchafuka kidogo”. Naomba neno “kidogo” lifafanuliwe. Mimi nimeishi kando ya Ziwa Victoria maisha yangu yote ya ndoa na ujane, na ziwa halijawahi kunipita kifundo cha mguu. Sisi watu wa Kimilili maji tunayajua yakiwa kwenye ndoo. Mara moja tu, ufukweni Dunga, nilikwenda kupokea samaki, wimbi likanigusa goti. Achola anasema nilipiga kelele mpaka mashua zikageuka. Mimi nakumbuka nikiimba wimbo wa ubatizo, lakini sibishani naye.

Sasa nasikia kwa Naswa, si kwenu, kwamba uwanja wa ndege wa Lamu uko kisiwa kingine, ng'ambo ya pili. Yaani natoka mbinguni salama, namshukuru Mungu, kisha napandishwa mashua! Mambo kama hayo ndiyo yaandikwe kwa herufi kubwa. Kina mama wa kanisa wamenishonea vazi la kuogelea la kitenge, lenye mikono mirefu, marinda na mfuko wa leso. Maximilla alililoweka kwenye karai kulijaribu. Lilikunywa maji yote ya karai. Kulinyanyua kulihitaji wanawake watatu, na mmoja wao ni mkunga. Nikiingia na hilo vazi baharini, Mhariri, sitaogelea, nitatia nanga.

4. Mmeandika kwamba Agosti ni mwezi mzuri. Mwandishi wenu si Mbukusu, na inaonekana. Sisi tunatahiri vijana mwezi wa nane, mwaka mmoja tunaruka, mwaka mmoja tunatahiri, na huu ndio mwaka wenyewe. Waswa, mtoto wa kaka yangu Wakhungu, atakuja na njuga zake mpaka mlangoni pangu Nyalenda kunialika, mimi shangazi yake. Nimjibu nini? Kwamba samahani baba, shangazi atakuwa amelala mchangani? Kijana atasimama imara mbele ya kisu halafu aaibishwe na shangazi! Hata tukiiacha heshima kando, kuna nyama.

5. Mchanga mweupe namna ile unaonyesha nyufa zote za visigino. Mngetuonya mapema.

6. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililoniua.

Huku kwetu hakuna jambo linalokwenda bila kamati. Mtu akioa, kamati. Akiugua, kamati. Akifa, kamati mbili, moja ya kuzika na moja ya kuilalamikia ile ya kwanza. Kwa hiyo Maximilla aliposikia kwamba kuchagua mwezi kumenishinda, aliunda Kamati ya Likizo ya Mama Naswa. Yeye ni mwenyekiti, Lornah ni katibu kwa sababu simu yake ina kioo kizima, na Mzee Masinde wa kanisa ni wa maombi. Wakawa wanakuja kwangu kila jioni kujadili majira ya bahari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Mzee Masinde alisema Yona naye alipanda chombo bila kuuliza mwezi, ona yaliyompata. Walijadili, wakala samaki wangu, wakaahirisha. Kesho yake wakajadili tena wakianzia kwa samaki.

Ndipo Lornah akafungua kundi la WhatsApp, akawaingiza jamaa zangu wote hadi Kimilili. Alitafuta picha yangu nzuri akapata ile ya Jumapili ya kina mama: nimevaa gauni jeupe, nimefumba macho kwa sababu ya jua. Juu yake akaandika, nanukuu: “Safari ya Mama yetu mpendwa Mercyline Nabututu. Kamati inakutana kila jioni nyumbani kwake Nyalenda. Mungu amtangulie.”

Wewe ni mtu wa magazeti, Mhariri, lakini hata wewe umeelewa. Mama mwenye gauni jeupe, macho yamefumbwa, kamati nyumbani kwake kila jioni. Huku kwetu hiyo ina maana moja tu.

Kaka yangu Wakhungu hakupiga simu. Angempigia nani, mimi? Alikodi gari la mizigo, akapakia hema, sufuria za matanga, gunia la mahindi na shemeji yetu Wakhisi ambaye ni hodari wa kulia. Walianza kulia wakifika Kondele, na wateja wangu wakawafuata, wengine wakilia bila kujua ni nani aliyekufa. Waliponiingilia uani mimi nimeinama juu ya karai, nakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki na nyama kidogo. Nikainua kichwa nikawaambia, “Karibuni, jamani, nani ametutoka?”

Wakhisi alikimbia. Wakhungu alinitazama, akanigusa bega, kisha akaendelea kulia kidogo, kwa sababu alikuwa hajamaliza. Halafu akakasirika. “Mercy, wewe ni mtu gani? Nimebeba hema kutoka Kimilili!” Nikamwomba msamaha kwa kuwa hai. Hema walilisimamisha hivyo hivyo, maana walisema halirudi bila kutumika, na samaki wa kamati wakaliwa na matanga.

Hapo bado nacheka, Mhariri. Sasa sikiliza.

Mtu fulani mwenye huruma na mdomo alikuwa amempigia Naswa kazini kumpa pole. Mtoto akatoka wodini kama alivyo. Alifika kwangu mchana na sare yake ya uuguzi, saa ndogo imebandikwa kifuani, hana mkoba, hana koti. Aliona hema. Aliona watu wa Kimilili wamekaa chini yake. Nikatoka jikoni na mwiko mkononi.

Huyu ni mtoto anayewafumba macho wafu wa wenzake bila mkono kutetemeka. Alinishika akatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Hakuniachia mpaka samaki walipoungua. Na Achola, ambaye hanyamazi hata kanisani, alikwenda mwenyewe akawaepua bila neno.

Kisha Naswa akaniambia polepole sikioni, “Mama, na kama ningekuwa Uingereza?”

Nikamjibu kwa sauti, ili watu wasikie, “Ungekuwa Uingereza ungekuja na hema kubwa kuliko hili la mjomba wako!” Watu wakacheka sana. Mimi nikacheka kuwashinda. Yeye hakucheka.

Alinawa uso, akawa muuguzi tena. “Mama, mkubwa wangu anataka tarehe ya likizo kabla mwezi huu haujaisha. Kila siku unaniambia huu ni mbaya, ule ni mbaya. Usipochagua, nitachagua mimi, na gazeti linasema Julai hakuna joto kali.” Akarudi Eldoret amejitanda leso yangu begani, kwa sababu alikuwa amekuja bila koti.

7. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, tumefika penye hesabu, na hii hata mimi niliyeshindwa na hesabu nimeiweza. Naswa hapandi ndege ya Uingereza kabla hatujaenda Lamu. Hatuwezi kwenda Lamu bila mwezi mzuri. Anayetaja mwezi mzuri ni gazeti lenu. Basi gazeti lenu likisema hakuna mwezi mzuri, Lamu hakuna. Na Lamu ikiwa hakuna, jaza mwenyewe.

Naomba basi, kwa heshima na taadhima, mchapishe masahihisho. Nimewaandikia rasimu ili msisumbuke: “Baada ya uchunguzi wa kina tumegundua kwamba hakuna mwezi unaofaa kwenda kisiwani. Mwezi wa tatu joto linapita kiasi. Wa nne na wa tano ni mvua. Wa sita na wa saba upepo hubeba watu wembamba.” (Naswa ni mwembamba.) “Wa nane punda wa huko huwa na hasira. Akina binti wenye mama zao wanashauriwa wakae karibu nao hadi tutakapotangaza vinginevyo.”

Mzee Masinde alipendekeza tuongeze papa. Nilikataa. Siombi mseme uongo, naomba tu mwe waangalifu zaidi.

Kama masahihisho hayawezekani, nina ombi jingine dogo. Ninyi kila mwaka huchapisha kalenda, ninayo moja ukutani. Ongezeni mwezi mmoja kati ya mwezi wa nane na wa tisa. Si lazima uwe mrefu. Na ukiisha, kama kuna nafasi, ongezeni mwingine.

Usifikiri kwamba mimi ni mama wa kumzuia mtoto. Aa, hapana. Nani amebeba ile barua yenye muhuri Kondele nzima mpaka ikaota doa la mafuta? Nani amemwambia hata mtu wa kusoma mita ya maji? Nikipita, watu wa boda boda wananiita Mama Uingereza, na mimi huwa sigeuki mara ya kwanza, ili waite tena. Nataka aende. Ninajivunia mpaka nguo zinanibana. Nataka aende, Mhariri. Ni kuondoka tu ndiko sikutaki.

8. Bei ya gazeti lenu sina neno nayo. Karatasi yenu ni nzuri, haivuji mafuta.

Nikifikia mwisho, nawasalimu wote hapo ofisini, wanaoandika, wanaochapa na wanaobeba mabunda asubuhi. Msalimu mpiga picha. Msalimu na yule mzungu aliyelala mchangani, mwambie ajigeuze upande wa pili, asije akaiva nusu. Kamati yangu inawasalimu, Achola anawasalimu na anauliza kama matoleo ya zamani mnayauza kwa kilo. Watu wa Kimilili wanawasalimu kutoka chini ya hema, bado wapo.

Ndimi wako katika malalamiko na upendo,

Mercyline Nabututu,
Mama wa Muuguzi.

Baada ya sahihi: Mhariri, simamisha kila kitu.

Nilimpa Maximilla barua hii anisahihishie kabla ya kuipeleka posta. Alicheka kwenye vazi la kuogelea, akacheka sana kwenye hema, halafu alipofika namba saba akavua miwani. Akaniambia, “Mama Naswa, hii barua umekosea anwani. Mpigie mtoto.”

Nikampigia. Nilikuwa nimepanga kuanza na punda, lakini maneno yalitoka mengine. Nilimwambia, “Naswa, tuende mwezi wa nne.” Akasema, “Mama, mwezi wa nne ni mvua. Gazeti linasema.” Nikamwambia, “Hapo sasa gazeti limesema kweli. Mvua ikinyesha hatutaenda baharini, hatutapanda mashua za watalii, lile vazi la kitenge litabaki kwenye mfuko wake. Tutakaa chumbani wewe na mimi, mlango umefungwa, hakuna kamati, hakuna mteja. Utanisuka nywele. Utanionyesha hiyo Uingereza iko upande gani, nijue nikisali nigeukie wapi. Jua likiwaka utataka kutembea, na mimi sijaja kutembea.”

Naswa akasema, “Mama, kumbe ulikuwa na mwezi siku zote.” Nikamwambia, “Nilikuwa nao. Nilikuwa sitaki uishe.” Akasema tutarekebisha mambo ya simu, atakuwa ananipigia kila jioni akitoka kazini, na kwamba Lornah asiweke tena picha yangu mahali popote bila ruhusa yake. Amekwisha omba likizo. Amekubaliwa haraka, kwa sababu mwezi wa nne hakuna mwenzake anayeutaka.

Kwa hiyo usichapishe masahihisho. Acha makala kama ilivyo, wenye kulitaka jua waende na jua lao. Kalenda nayo iacheni, mwezi wa tisa ukae mahali pake. Ombi langu ni moja tu: kama mnajuana na watu wa hali ya hewa, waambieni wiki hiyo wasilegeze. Jua likitoka Lamu hata mara moja, nitawaandikia tena.

Kamati nimeiambia inaishia uwanja wa ndege wa Kisumu. Mzee Masinde amekasirika kwa sababu alikuwa ameshanunua kofia ya mchangani, lakini ataivaa akituombea. Wakhungu alitaka kung'oa hema lake nikamkatalia. Nimemwambia limenililia nikiwa hai, sasa linisindikize. Chini yake kutakuwa na chai, samaki na ugali, na mimi mwenyewe nitakuwepo, macho wazi, mtu asije na mahindi ya matanga. Naswa atakuwa ameketi kando yangu na leso yangu ameirudisha. Kina mama wote, watu wa Kimilili wote, Achola pamoja na wateja wangu atakaokuwa amewachukua, na wewe Ndugu Mhariri na mke wako au mama yako, mnatarajiwa hapa Nyalenda, nyumba ya pili ukitoka kwenye bomba, asubuhi mapema kabla ya mvua, Jumamosi tarehe kumi na nane, mwezi wa nne.